Kwa nini EJ25 ya turbo ikifa inaanzia silinda namba 4?

#1 BoksaYaMchana
Wakuu, salaam. Niende moja kwa moja. Subaru WRX STI, injini EJ257 (moja ya EJ25, boksa ya lita 2.5, yaani silinda nne zimelala, mbili kila upande). Marekebisho ni mawili tu: ekzosi ya inchi 3 kuanzia turbo kwenda nyuma, na ramani ya steji 1 (maelekezo mapya ya kompyuta ya injini) iliyonunuliwa tayari, haikuandikwa kwa ajili ya gari hiyo. Dalili: injini ikishapata moto inatetemeka gari ikiwa imesimama, kodi ya hitilafu P0304 (silinda namba 4 inakosa kuwaka), oili inapungua kama lita moja kila kilomita 1,500, na ukifungua mfuniko wa oili injini ikiwa inawaka, inahema kama mtu aliyepanda ngorofa.

Compression (mgandamizo wa silinda) imepimwa injini ya moto, plagi zote nje, fueli na moto vimekatwa, pedali chini kabisa: 150, 145, 150, namba 4 ina 95 psi. Ikapimwa uvujaji kwa kujaza hewa kwenye silinda: hewa inatokea kwenye mfuniko wa oili. Ekzosi kimya, upande wa hewa kimya, rejeta haina mapovu. Kwa hiyo valvu na gasketi ya hedi zimepona.

Kilichovunjika nakijua, ni ule ukuta mwembamba wa pistoni kati ya mfereji wa ringi ya kwanza na ya pili. Swali ni kwa nini namba 4? Kila nyuzi za EJ25 nikizifungua, ni namba 4. Injini haijui kuhesabu.

#2 Spana14
Tuanze na picha. Ukiwa umekaa garini ukiangalia mbele, 1 na 3 ziko kulia, 2 na 4 kushoto. Namba 4 ni nyuma kushoto, imejibana na ukuta wa kabini. Upepo wa mbele haufiki, na maji kwenye kona ile ya hedi hayana mlango wake wa kutokea. Ndiyo maana kuna watu hufungua boliti ya kuziba nyuma ya hedi ya kushoto, wanaweka nipeli, wanarudisha maji kwenye mpira wa hita. Silinda ikiwa na joto kuliko wenzake, inagonga kabla yao. Kwangu mimi kesi imefungwa.

#3 RelaYaFueli
Mkuu Spana, umeifunga mapema. Joto ni nusu ya habari. Namba 4 iko mwisho wa njia ya fueli. Injekta zinapofunguka na kufunga zinapiga mawimbi ndani ya rela (bomba linalogawia injekta fueli), na wa mwisho ndiye anayepata mgao ukiwa unayumba. Akikosa kidogo tu kwenye busti (shinikizo la hewa ya turbo) kamili, mchanganyiko wake ni mkavu kuliko wa wengine, na sensa ya ekzosi haitakuambia kwa sababu inasoma wastani wa silinda zote nne. Unaona 11.2 kwenye skrini (hewa 11.2 kwa fueli 1), kumbe watatu wako 11 na mmoja yuko karibu na 12.

#4 MzeeGasketi
#3 umesema jambo zuri kuhusu wastani, hilo watu wengi hawalijui. Lakini usiuze mawimbi kama ushahidi. Tofauti kubwa zaidi huwa kwenye injekta zenyewe. Zitoe zote nne, zipimwe kwenye benchi: kiasi zinachomwaga, umbo la mnyunyizo, na kama zinadondosha zikiwa zimefungwa. Zikipishana zaidi ya asilimia 5 usijadili rela, safisha au badilisha kwanza. Na kama bado una wasiwasi, hamisha injekta ya 4 uipeleke 2. Tatizo likihama nayo, umempata mwizi.

Halafu moja kwa mwenye uzi: umefanya vizuri kupima uvujaji. Wapo mafundi wanaotaka kumwaga kijiko cha oili kwenye silinda na kupima compression tena ili kujua kama ni ringi. Kwa injini iliyosimama sawa. Boksa silinda zimelala, oili inatuama upande wa chini, juu ringi inabaki kavu. Jibu lake halina maana.

#5 TurboImechelewa
Wote mnakwepa. Sababu ni ile sauti mnayoipenda 😂

Mfuatano wa kuwaka ni 1-3-2-4. Maana yake upande wa kulia unapiga mara mbili mfululizo, kisha wa kushoto mara mbili mfululizo. Kwenye manifoldi ya ekzosi ya mabomba yasiyolingana, moshi wa 2 na 4 unasafiri njia ndefu, unavuka chini ya injini kwenda kwenye turbo iliyo kulia. Namba 4 anafungua valvu yake ya moshi wakati wa namba 2 bado hajamaliza kutoka. Anabaki na moshi wa moto ndani. Mshindo ufuatao anaanza na hewa iliyokwisha kupashwa. Duguduguduguu zuri, pistoni inalia.

#6 BoksaYaMchana
#5 kwa hesabu hiyo namba 3 naye anamfuata 1 vilevile, upande wa kulia. Mbona hafi yeye?

#7 TurboImechelewa
Njia ya kulia ni fupi, inapumua. Lakini nakubali hapo umenibana.

#8 MamaGia
Ngojeni. Mnajadili kwa nini ni namba 4 kabla ya kujadili kwa nini inavunjika kabisa. Pistoni ya kiwandani ya EJ257 ni ya kumimina, yenye silikoni nyingi. Ni ngumu, haivimbi sana kwa joto, kwa hiyo inakaa karibu na ukuta wa silinda bila kelele asubuhi. Ubaya wake haipindi, inapasuka. Kinachoipasua ni noki.

Na noki ya hapa msichanganye na ile ya mtaani. Mtaani "injini imenoki" maana yake beringi za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) zimekwenda au kranki imegoma, gari imekufa. Ninayosema mimi ni mchanganyiko wa hewa na fueli kujilipua wenyewe pembeni mwa chumba kabla moto wa plagi haujaufikia. Mlio wake ni kama kokoto ndogo kwenye kopo. Ndani ya gari yenye ekzosi ya inchi 3 hutausikia. Kompyuta inausikia kwa sensa moja iliyofungwa juu ya bloku, chini ya manifoldi ya hewa.

Subaru wanarahisisha kuona. Chomeka kifaa, soma kizidishi cha taimingi (wakati wa plagi kupiga) ambacho kompyuta hujifunza. 1.0 ni afya. Ukikuta 0.75 au chini, kompyuta imeshakata tamaa na fueli au na ramani. Ukifuta kumbukumbu, modeli nyingi huanza upya kwenye 0.5 na kupanda polepole, kwa hiyo usisome dakika tano baada ya kutoa waya wa betri ukaanza kupiga kelele. Soma pia marekebisho ya kujifunza kwa kila mzigo na kila mzunguko. Digrii hasi moja na nusu mahali pamoja si msiba. Hasi nne hadi sita kati ya 2,500 na 4,000 rpm, hiyo ni barua ya kuitwa.

Sasa kwa nini 2,500 hadi 4,000? Ramani ya kiwandani inachelewa kuhama. Turbo imeshaanza kujaza, busti imepanda, lakini kompyuta bado inasikiliza sensa ya oksijeni na kushikilia 14.7 kwa sababu ya masharti ya moshi. Kwa sekunde hizo injini iko kwenye mzigo mzito na mchanganyiko wa kutembelea. Anayetuni vizuri kitu cha kwanza anapunguza huko kuchelewa, kabla hata hajagusa busti. Mwulize aliyeandika ramani yako kama alifanya hivyo.

#9 Kijiti_cha_Oili
#8 umetisha dada. Niongeze udereva wenyewe: gia ya tano, 1,800 rpm, mlima, pedali chini. Watu wanadhani wanabana mafuta. Hapo pistoni iko juu kwa muda mrefu, shinikizo ni kubwa, na mwendo wa injini ni mdogo, yaani noki imepewa muda wa kutosha kujipanga. Shusha gia. Injini ya turbo inaumia zaidi kwa kubanwa chini kuliko kwa kuzungushwa juu.

#10 RelaYaFueli
#9 usisahau kwamba kwenye injini za siku hizi za turbo ndogo zenye kumwaga fueli ndani ya chumba, kubanwa chini kuna ugonjwa wake mwingine, mchanganyiko kuwaka kabla plagi haijapiga kabisa. Ule unavunja pistoni kwa tukio moja, hausubiri. Ndiyo maana daraja la oili la API SN Plus lilikuja 2018 na SP 2020, walipunguza kalsiamu kwenye visafishio. EJ25 inamwaga kwenye manifoldi, tatizo lile si lake.

#11 2JZ_Milele
Nimepita tu kusalimia kutoka upande wa 2JZ ya Toyota, silinda sita mfululizo, tundu 86 kwa mwendo wa pistoni 86 mm, bloku ya chuma. Hatuna silinda namba 4 inayosumbua huku. Endeleeni.

#12 MzeeGasketi
#11 karibu. Toa shingo yako nje ya boneti kwanza. 2JZ-GTE ina uwiano wa mgandamizo wa 8.5 kwa 1 na pistoni za 86 mm. EJ25 ina tundu la 99.5 mm kwa mwendo wa pistoni wa 79 mm. Tundu pana maana yake moto wa plagi una safari ndefu kufika pembeni, na kule pembeni ndiko kunakojilipua. EJ20 (ya lita 2.0) yenye 92 kwa 75 inavumilia zaidi kwa sababu hiyohiyo, japo ni ndugu wa tumbo moja. Hili halijibu kwa nini 4, linajibu kwa nini EJ25 na si EJ20.

#13 Oktani_Mia
Jamani, fueli! Hizi STI wanazitengeneza kwa oktani 100 (uwezo wa fueli kustahimili noki). Ukiziwekea 95 unaua. Na Marekani wanatumia 91 na 93, ndiyo maana huko zinakufa kama nzi.

#14 MamaGia
#13 sahihisho. 91 na 93 za Marekani si RON, ni wastani wa RON na MON, njia mbili za kupima oktani. 91 yao ni kama RON 95, 93 yao ni kama RON 98. Namba ndogo, fueli ileile. Na premium ya Japani kwa kiwango chao cha JIS ni RON 96 na kuendelea, ingawa pampuni kawaida ni 100 hivi. EJ257 ya soko la nje na EJ207 ya Japani zina ramani tofauti, kwa hiyo swali si "STI inataka ngapi" bali "ramani hii iliandikwa kwa ngapi". Ukichukua ramani ya 98 ukaweka 95, kizidishi kitakuambia ndani ya tangi moja.

#15 Oktani_Mia
Nimekuelewa. Nafuta kauli ya nzi.

#16 Mpumuo
Hakuna aliyetaja mvuke wa oili. Injini ya boksa inatupa oili nyingi kwenye mfumo wa kupumua, hasa kona ndefu. Mvuke ule unarudishwa kwenye hewa ya kuingia. Oili ndani ya chumba cha kuwakia inashusha oktani ya mchanganyiko. Sasa ukiwa na ringi zilizoanza kuchoka, zinapumua zaidi, zinaleta oili zaidi, oktani inashuka zaidi, noki, ringi zinaumia zaidi. Duara.

Dawa ni chombo cha kukamatia oili, lakini chenye vizuizi ndani. Kopo tupu ni urembo, mvuke unaingia na kutoka ukipunga mkono. Weka mipira ya kipenyo kilekile cha kiwandani au zaidi, usiibane. Kimwage kila unapobadili oili, na kwenye baridi mara nyingi zaidi, kwa sababu kinajaa maji yenye rangi ya maziwa ambayo yakiganda yanaziba na kusukuma sili za kranki nje.

#17 TurboImechelewa
Na intakula (kipozeo cha hewa ya turbo) mmeisahau. Ile ya juu ya injini ikikaa foleni inapikwa na injini yenyewe. Ukitoka foleni ukakanyaga papo hapo, hewa inaingia ya moto. Jina lenyewe limeshasema, intakula... itakula injini 😂

#18 Spana14
😂😂 Hiyo ibandikwe juu ya jukwaa.

Ila kuna ukweli. Dakika moja mbili za mwendo zinatosha kuipoza kupitia lile tundu la boneti. Kagua pia ule mpira unaoziba kati ya boneti na intakula. Ukichanika, hewa inapita pembeni.

#19 Kipimo_Kwanza
Ninawasoma tangu jana. Naomba niwe mchawi. Nani kati yenu amefungua injini 50 akaandika ni silinda ipi? Watu wakisikia "namba 4" wanaanza kupima namba 4, wakiikuta wanasimama. Namba 2 nazo huvunjika. Pia ikivunjika 4 na ukafungua, angalia tatu zilizobaki kwa kioo cha kukuza: mara nyingi zina nyufa ndogo mahali palepale. Yaani zote zilikuwa foleni, mmoja kaitwa mapema. Joto, fueli, moshi, mvuke, vyote vinaweza kuwa kweli kwa asilimia mbili mbili na hakuna hata kimoja kinachotosha.

Na mimi nina mtuhumiwa wangu ambaye hajatajwa: nafasi ya ringi. Ringi ikipata moto inarefuka. Kama nafasi kati ya ncha zake ilikuwa ndogo, ncha zinakutana, ringi inakosa pa kwenda, inajikaba kwenye silinda na kunyanyua ukuta wa mfereji. Mvunjiko wake unafanana na wa noki. Tofauti ni kwamba ncha za ringi zinang'aa zilipogusana. Watu wanatupa ringi bila kuziangalia.

#20 MzeeGasketi
#19 hapo kwenye ncha zinazong'aa nakuunga mkono. Kwa turbo ya petroli, kanuni ya kuanzia ni kama 0.0045 hadi 0.0055 ya kipenyo. Kwa 99.5 mm unapata 0.45 hadi 0.55 mm ringi ya juu, ya pili ipe zaidi kidogo ili shinikizo lisinaswe katikati. Ringi ipimwe ndani ya silinda yake, imenyooshwa kwa pistoni iliyogeuzwa, wala si kwenye boksi. Karatasi ya mtengenezaji wa pistoni ikisema tofauti, fuata karatasi.

#21 Spana14
#19 umenikata lakini sijafa. Kama joto halina uzito, kwa nini wenye kufungua ile njia ya maji nyuma ya hedi wanaona tofauti?

#22 Kipimo_Kwanza
Wanaona tofauti ya nini? Wengi wanaifunga siku ileile wanayofunga pistoni mpya na ramani mpya. Ukibadili vitu vitatu kwa mkupuo, hujui kipi kilikuponya. Weka sensa mbili za joto, nyuma ya hedi ya kushoto na ya kulia, tembeza wiki moja bila kugusa kitu, kisha fungua njia ya maji peke yake. Hapo nitakusikiliza.

#23 BoksaYaMchana
Ahsanteni wote, sasa nina watuhumiwa saba. Turudi kwenye kazi. Je, pistoni moja inaweza kubadilishwa injini ikiwa ndani ya gari? Na kama ninafungua, niweke pistoni gani kwa gari ya kwenda kazini kila siku?

#24 MamaGia
Haiwezi. Bloku ya EJ ni vipande viwili vilivyokumbatia kranki. Kabla ya kuvitenganisha unachomoa pini za pistoni kupitia matundu ya huduma, mbele kwa 1 na 2, nyuma kwa 3 na 4, na ya nyuma yamefichwa na gia boksi. Injini inatoka. Na ikishatoka usibadilishe pistoni moja.

Pistoni za kufuliwa (zilizoundwa kwa kukandamiza chuma, si kumiminwa) ziko za aina mbili. Aloi ya 4032 ina silikoni karibu asilimia 12, haivimbi sana, unaweza kuikaza karibu na ukuta, asubuhi haigongi sana. Aloi ya 2618 haina silikoni ya maana, ni ngumu kuvunjika, lakini inavimba, kwa hiyo inataka nafasi kubwa, na injini ikiwa baridi itapiga kelele mpaka ipate moto. Gari ya kila siku yenye busti ya wastani, 4032. Anayetaka kupanda sana, 2618 na avumilie kelele. Ila kufuliwa si kinga ya noki. Pistoni ikikataa kuvunjika, noki inahamia kwenye beringi za konrodi.

#25 Kijiti_cha_Oili
Na ukishafungua usirudishe bomba la kunyonyea oili la zamani. Lile la kiwandani linajulikana kupasuka kwenye kiungo chake. Likivuta hewa, presha inashuka na beringi zinafuata. Weka lililoimarishwa, na oringi mpya. Kama chujio cha kwenye boliti ya oili ya turbo kipo, kisafishe au ukitoe, kikiziba turbo inakufa na vipande vyake vinazunguka na oili.

Kila siku: pima oili kila unapoweka fueli, gari ikiwa sehemu tambarare, imezimwa dakika kumi. Kati ya alama ya chini na ya juu ni kama lita moja, na injini nzima inabeba lita nne na kidogo. Ukiwa alama ya chini umepoteza robo. Badilisha kila kilomita 5,000. 5W-40 inatosha wengi.

#26 RelaYaFueli
Mwenye uzi, umesema ekzosi ya inchi 3. Vipi boksi la chujio la hewa, ni la kiwandani? Sensa ya kupima hewa imewekewa hesabu ya bomba lile. Ukiweka bomba pana zaidi, hewa inapita polepole mbele ya sensa, inaripoti hewa kidogo, kompyuta inamwaga fueli kidogo. Hakuna ramani ya dukani inayojua bomba lako.

#27 BoksaYaMchana
Boksi ni la kiwandani. Ila kuna valvu inayotupa nje hewa ya turbo ukiachia pedali, ile ya psshhh.

#28 RelaYaFueli
Na ulisema marekebisho mawili! Hewa hiyo ilikwisha kuhesabiwa. Ukiitupa nje kila ukibadili gia, kompyuta inamwaga fueli ya hewa ambayo haipo. Mchanganyiko unalowa, plagi zinajaa masizi, ukitoka gia injini inakosa kuwaka. Haivunji pistoni, lakini fueli ile inaosha oili kwenye kuta za silinda. Rudisha ya kiwandani, inayorudisha hewa kwenye bomba.

#29 TurboImechelewa
Kwa hiyo mtuhumiwa wa nane ni psshhh.

#30 Kipimo_Kwanza
Ukifungua, piga picha ncha za ringi za pistoni zote nne, upande wa juu na wa chini, na uandike ipi ilitoka wapi kabla ya kuziosha. Usizioshe.

#31 Spana14
Na sehemu ya nyuma ya hedi ya kushoto, angalia rangi.

#32 BoksaYaMchana
Sawa. Swali la mwisho kwa #5: nikiweka manifoldi ya mabomba yanayolingana, ile sauti inabaki?

#33 TurboImechelewa
Inakwenda. Itasikika kama gari yoyote ya silinda nne.

#34 BoksaYaMchana
Basi manifoldi inabaki ilivyo.